KABLA YA MISTARI MIWILI: Safari ya kipimo cha mimba, kutoka ngano ya Misri hadi mkononi mwako

SEHEMU YA 1: CHUMVI KWENYE KIKOMBE

Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu dalili za mwanzo za mimba. Nikaanza na ile orodha mnayoijua: kukosa hedhi, kichefuchefu, matiti kuuma, uchovu, kwenda haja ndogo kila saa. Nikaifuta. Orodha hiyo wengi mnayo kichwani. Leo nataka niwape kitu kingine, historia. Msikimbie, haitawachosha.

Nianze na kisa. Usiku mmoja nikiwa zamu aliletwa dada mmoja na mume wake. Alikuwa amepauka, jasho la baridi, tumbo la chini linamuuma upande mmoja na bega nalo linauma. Nikamuuliza mume, "Hedhi yake ya mwisho lini?" Akasema imechelewa kama wiki tatu hivi, "lakini mimba hakuna nesi, alijipima mwenyewe mara mbili." Alijipima na nini? Na chumvi. Aliona kwenye simu kwamba ukiweka chumvi kwenye mkojo ikiganda kama maziwa una mimba, isipoganda huna. Yake haikuganda. Kwa hiyo tumbo lilipoanza kuuma alijua ni mambo ya hedhi tu. Akanywa dawa za maumivu siku nne.

Tulipompima kwa kipimo cha kawaida, mistari miwili ikatoka palepale. Mimba ilikuwepo, ila ilikuwa nje ya mfuko wa uzazi, kwenye mrija, na mrija ulikuwa umeshapasuka. Aliingia theatre usiku uleule, akaongezwa damu. Alipona, mrija mmoja ukatolewa.

Asubuhi nilipokwenda kumwangalia presha aliniuliza swali moja tu: "Sasa chumvi ilinidanganyaje, nesi?"

Sikuwa na jibu zuri wakati ule. Mfululizo huu ndio jibu langu. Twende taratibu.

SEHEMU YA 2: WATU WAMEUULIZA MKOJO MIAKA ZAIDI YA 3,000

Kwanza tusimcheke yule dada. Alichofanya ni cha kale kuliko tunavyodhani.

Misri ya zamani, karibu miaka 1,350 kabla ya Kristo, kuna maandishi ya tiba yaliyoeleza hivi: mwanamke akojolee mbegu za ngano na za shayiri kwa siku kadhaa. Zikiota, ana mimba. Ikitangulia kuota aina moja ni mtoto wa kiume, ikitangulia nyingine ni wa kike. Zisipoota kabisa, hana mimba.

Utasema huo ni uganga. Lakini mwaka 1963 watafiti walilijaribu jambo hili maabara. Wakakuta mkojo wa wajawazito uliotesha mbegu kwa takriban asilimia 70 ya majaribio, wakati mkojo wa wanaume na wa wanawake wasio na mimba haukuotesha. Habari ya kiume na kike ilikuwa bure kabisa. Ila kwenye mimba Wamisri walikuwa wamegusa kitu cha kweli bila kujua ni nini: mkojo wa mjamzito una kitu cha ziada.

Sasa angalia hapo vizuri mama. Asilimia 70 maana yake katika wajawazito 10, watatu hivi waliambiwa hawana. Kipimo kinachokosea watatu katika 10 hakitoshi kuamulia maisha ya mtu.

Wagiriki wa zama za Hippocrates wao walimpa mwanamke maji ya asali anywe wakati wa kulala. Tumbo likimsokota, ana mimba. Ulaya ya zama za kati kulikuwa na mabingwa wa kutazama mkojo, wanaunyanyua kwenye chupa, wanaangalia rangi, wengine wanauchanganya na mvinyo. Na huku kwetu bibi zetu walikuwa na macho yao: wanaangalia mshipa wa shingo unavyodunda, matiti, nani ameanza kuchukia harufu ya vitunguu, nani anatafuta ndimu na udongo. Bibi mzoefu alikuwa akikutazama mara moja tu ukipita na ndoo, jioni anamwita mama yako pembeni.

Na mara nyingi bibi alipatia! Dalili zile ni za kweli, zinaletwa na homoni. Tatizo ni kwamba kichefuchefu huletwa pia na malaria, na vidonda vya tumbo, na wasiwasi. Hedhi hupotea pia kwa msongo wa mawazo, kwa kunyonyesha, kwa kupungua uzito, kwa sindano ya uzazi wa mpango. Kwa hiyo dalili inakwambia "huenda". Uhakika ulikuja mtoto alipocheza tumboni, na hapo ni wiki ya 16 hadi ya 20. Miezi minne au mitano imekwisha.

Hata madaktari hawakuwa mbali na hapo. Mwaka 1816 huko Ufaransa Laennec alibuni chombo cha kusikilizia kifua, na miaka michache baadaye mwenzake Kergaradec akakiweka kwenye tumbo la mjamzito, akasikia moyo wa mtoto. Ile pembe ndogo tunayowawekea tumboni kliniki tukiinamisha sikio ina jina la Mfaransa mwingine, Adolphe Pinard, wa mwaka 1895. Ni chombo kizuri mno, nakipenda mpaka leo. Lakini nacho kinahitaji mimba iwe imekua. Kwa wiki za mwanzo, karne ya 19 iliisha bila jibu.

SEHEMU YA 3: PANYA NA SUNGURA

Mwaka 1927 hadi 1928, Berlin, Ujerumani. Madaktari wawili, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, waligundua kwamba ukichukua mkojo wa mjamzito ukauchoma kwa sindano kwenye panya jike ambaye hajakomaa, ovari za panya yule zinakomaa ghafla, kana kwamba amevunja ungo ndani ya siku chache. Mkojo wa asiye na mimba haufanyi hivyo.

Kitu cha ziada kwenye mkojo wa mjamzito sasa kilikuwa kimeonekana kazi yake. Leo tunakiita homoni ya hCG. Yai lililorutubishwa likishajipandikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, siku 6 hadi 12 hivi baada ya yai kutoka, zile chembe zitakazokuwa kondo la nyuma zinaanza kutengeneza homoni hii. Mwanzoni inaongezeka karibu mara mbili kila baada ya siku mbili au tatu. Ndiyo inayouambia mwili "usilete hedhi, kuna mgeni". Inaingia kwenye damu, kisha inatoka kwenye mkojo.

Kipimo cha panya kilikuwa sahihi sana kwa wakati ule. Lakini fikiria gharama yake: kila mwanamke mmoja anahitaji panya kama watano, wachomwe kwa siku kadhaa, wauawe, wapasuliwe, ovari zitazamwe. Karibu siku tano unasubiri.

Mwaka 1931 huko Marekani, Maurice Friedman na Maxwell Lapham wakatumia sungura badala ya panya. Majibu yakaja ndani ya siku mbili hivi. Ndipo Wamarekani wakaanza usemi wa "sungura amekufa" wakimaanisha mama ana mimba. Watu waliamini sungura anakufa ikiwa mimba ipo. Kumbe maskini sungura alikufa kwa vyovyote, maana ilibidi apasuliwe ndipo waone!

Jambo la kuhuzunisha: Aschheim na Zondek walikuwa Wayahudi. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933 walipoteza nafasi zao. Zondek alikwenda Sweden, kisha Jerusalem. Aschheim akaishia Paris. Waliowapa wanawake wa dunia jibu la mapema walifukuzwa kwao.

SEHEMU YA 4: CHURA WETU WA AFRIKA

Hapa ndipo napapenda, kwa sababu Afrika inaingia.

Mwaka 1927 Mwingereza Lancelot Hogben alikwenda kufundisha Cape Town, Afrika Kusini. Huko akakutana na chura wa majini mwenye kucha miguuni, jina lake la kitaalamu Xenopus laevis. Yuko tele kwenye mabwawa ya kusini mwa Afrika. Hogben aligundua kwamba ukimchoma chura jike homoni fulani, anataga mayai. Miaka ya 1930 watafiti wa Cape Town, Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein, wakaonyesha kwamba mkojo wa mjamzito unafanya hivyo pia.

Kazi ikawa rahisi ajabu. Unamchoma chura mkojo jioni chini ya ngozi, unamweka kwenye chombo cha maji. Asubuhi unatazama. Ukikuta mayai madogo kama shanga, mama ana mimba. Hakuna kupasua. Chura anapumzishwa wiki kadhaa kisha anarudi kazini. Yaani chura alikuwa mfanyakazi wa maabara kabisa.

Vyura wa Afrika wakasafirishwa kwa maelfu kwenda Ulaya na Marekani, na kwa miaka karibu 30 hospitali nyingi ziliwategemea. Kuna akina bibi Uingereza ambao habari ya mtoto wao wa kwanza ililetwa na chura kutoka Afrika.

Lakini ngoja niwaulize. Chura alikuwa wa nani? Wa maabara. Mwanamke hakuweza kwenda mwenyewe na chupa yake. Ilibidi apitie kwa daktari, daktari aamue kama kuna sababu ya kupima, maabara impe daktari jibu, ndipo daktari amwambie mama. Wengi, hasa wasio na pesa au wasioolewa, hawakupimwa kabisa. Walisubiri mtoto acheze, kama zama za Misri.

SEHEMU YA 5: GHARAMA YA KUCHELEWA KUJUA

Mtu anaweza kusema, kwani kuna haraka gani? Mimba si itajionyesha yenyewe?

Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilianza kuuzwa dawa ya usingizi na kutuliza iitwayo Contergan, ndani yake kuna thalidomide. Ilitangazwa kuwa ni salama sana. Ikaenea nchi nyingi. Akina mama waliitumia kulala, na wengine kwa kichefuchefu cha asubuhi.

Kisha wakaanza kuzaliwa watoto wenye mikono mifupi, wengine viganja vimeota karibu na bega, wengine miguu haikukua. Mwaka 1961 daktari William McBride wa Australia na Widukind Lenz wa Ujerumani wakaipigia kelele, na Novemba mwaka huo ikaondolewa sokoni Ujerumani. Watoto walioathirika duniani walizidi 10,000. Marekani iliponea kwa sababu mwanamama mmoja kwenye mamlaka ya dawa, Frances Kelsey, alikataa kusaini kibali. Kila walipomsumbua alisema ushahidi hautoshi.

Sasa sikiliza hesabu hii. Dawa ile ilimdhuru mtoto ikinywewa kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi tangu mimba kutungwa. Siku ya 20 hedhi imechelewa kama wiki moja tu. Siku ya 36, wiki tatu. Wapo waliojua wana mimba, wakaamini dawa ni salama. Hao hawana kosa, walidanganywa na soko. Lakini wapo waliomeza kidonge cha usingizi bila kujua kama kuna mtu tumboni.

Ndiyo maana mkija dirishani kuchukua dawa tunawauliza "hedhi ya mwisho lini?" mpaka mnakasirika. Si umbea mama yangu. Ndani ya siku 28 za kwanza tangu mimba kutungwa mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto unakuwa umeshajifunga. Moyo umeshaanza kudunda. Mambo makubwa yanafanyika wakati wewe bado unahesabu siku kwenye kalenda.

SEHEMU YA 6: DADA MWENYE KIOO NA KIBOKSI

Mwaka 1960, huko Sweden, Leif Wide na Carl Gemzell walipata njia ya kupima bila mnyama hai, kwa kutumia kingamwili zinazoishika hCG kwenye tyubu ya glasi. Vyura wakaanza kustaafu. Lakini tyubu bado zilikuwa maabara.

Mwaka 1967 dada mmoja, Margaret Crane, aliajiriwa na kampuni ya dawa ya Organon huko New Jersey, Marekani. Hakuwa daktari wala mwanasayansi. Kazi yake ilikuwa usanifu wa michoro, awachoree vifungashio vya vipodozi. Siku moja akapita maabara akaona tyubu nyingi zimepangwa juu ya kioo. Akauliza hizi nini. Wakamwambia ni vipimo vya mimba, madaktari wanatuma mikojo hapa. Chini ya tyubu ukiona kwenye kioo duara jekundu, mimba ipo.

Akawaza: mbona hiki mwanamke angeweza kukifanya mwenyewe nyumbani?

Akarudi kwake, akachukua kiboksi cha plastiki cha kuwekea vibanio vya karatasi, akaweka tyubu, kidondoshea, na kioo chini yake. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha nyumbani. Wakubwa kazini hawakufurahi. Biashara yao ilikuwa na madaktari, waliogopa kuwaudhi. Na kulikuwa na hoja ile tunayoijua wote: mwanamke akipata jibu peke yake ataweza kulibeba kweli?

Mwishowe ikapita. Hataza ikatoka mwaka 1971 kwa jina lake, lakini alisaini kuikabidhi kampuni kwa dola moja, na dola yenyewe amesema hakuwahi kuipata. Kipimo kikauzwa kwanza Canada kwa jina la Predictor. Marekani kwenyewe vipimo vya nyumbani viliingia madukani miaka ya mwisho ya 1970, na ilibidi usubiri saa mbili bila kutikisa meza. Kile kijiti cha kutumbukiza na kusoma kwa dakika chache kilifika mwaka 1988. Mfano wa kwanza wa Margaret Crane ulinunuliwa na makumbusho ya Smithsonian mwaka 2015 kwa dola 11,875.

SEHEMU YA 7: CHUMVI ILIDANGANYAJE

Sasa nimjibu yule dada.

Mbegu za Misri zilikuwa na kitu cha kuzichochea. Panya, sungura na chura walikuwa na ovari zinazoisikia hCG. Kijiti cha leo kina kingamwili zinazoikamata hCG, na mstari wa pili ni pale ilipokamatwa. Chumvi haina kitu cha kuitambua homoni hiyo. Sukari haina. Dawa ya meno haina. Nyingi zina chokaa ndani, mkojo una asidi kidogo, vikikutana povu linatoka. Chukua mkojo wa baba watoto uweke dawa ya meno, naye atatoa povu. Utampeleka kliniki?

Kwa hiyo chumvi haikukudanganya, mdogo wangu. Haikuelewa hata swali.

Shikeni haya:

Kipimo cha mimba kiko duka la dawa kwa bei ndogo. Angalia tarehe ya kuisha muda. Pima hedhi ikishachelewa, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, na usome ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Usikiokote jalalani jioni ukaanza kukisoma upya. Mstari wa pili ukiwa hafifu nao unahesabika. Ukitoka mmoja na hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki, kisha njoo kituoni.

Kipimo kinasema mimba ipo. Hakisemi iko wapi. Maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, damu kutoka, kizunguzungu, au bega kuuma bila kuumia, na hedhi imechelewa: hilo ni la hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Bega linauma kwa sababu damu iliyovuja tumboni inachokoza misuli ya pumzi, mshipa wa fahamu unapeleka habari begani.

Mistari miwili ikitoka, usingoje tumbo lionekane ndipo uanze kliniki. Anza kabla ya wiki 12. Kuna vidonge vya foliki, kupima wingi wa damu, VVU, kaswende, presha. Vyote vina maana zaidi vikianza mapema. Na usimeze dawa yoyote, ya hospitali au ya mitishamba, bila kusema "nina mimba" au "huenda nina mimba".

Akina baba, mke akikwambia hedhi imechelewa, usiulize "una uhakika?" Nenda duka la dawa.

Yule dada alirudi kliniki mwaka uliofuata. Alikuwa na kijiti kwenye bahasha, amekikunjia karatasi, wiki ya sita. Kwa kuwa mara ya kwanza mimba ilitunga nje, alipelekwa altrasaundi mapema. Safari hii ilikuwa ndani. Aliponiona alicheka, akasema, "Nesi, chumvi imebaki ya mboga tu."

Mfululizo ujao: kichefuchefu, lini ni cha kawaida na lini ni cha kulazwa. Siku njema, na mtunzane.